Kabla Hujafunga Safari ya Siku ya Selena

Mwaka wangu wa pili Texas niliomba ruhusa kazini Aprili 16, nikawapakia watoto garini alfajiri, tukatoka Houston kwenda Corpus Christi. Nilisikia ni Siku ya Selena, mwimbaji aliyeishi mji huo, tena iliyotangazwa na gavana. Nikatarajia shule zimefungwa na bendi barabarani, shamrashamra kama za Sabasaba. Tukakuta mji uko kazini.

Kosa lilikuwa langu, sikulisoma tamko. George W. Bush, alipokuwa gavana, aliitangaza Aprili 16, 1995, siku ambayo Selena Quintanilla angetimiza miaka 24. Alikuwa ameuawa kwa risasi wiki mbili tu nyuma. Tarehe hiyo iliangukia Pasaka, na wapo walionung'unika. Miaka miwili kabla, gavana Ann Richards aliitangaza Septemba 3, 1993 kuwa Siku ya Freddie King, mpiga gitaa wa blues mzaliwa wa Gilmer. Matamko ya namna hii mara nyingi hutaja tarehe ya mwaka mmoja tu, na hayampi mtu likizo. Kwa hiyo tafuta maneno yenyewe: nani katangaza, gavana, bunge au meya? Ni ya mwaka ule tu, au ya kila mwaka?

Ila usibaki nyumbani. Ufukweni, kwenye sanamu ya Selena, tulimkuta bibi mmoja ameshika mawaridi meupe, mashina yamefungwa kwa gazeti lililolowa. Kihispania sikijui, naye Kiingereza kilimpiga chenga. Akachomoa ua moja, akampa binti yangu, akamwonyesha pa kuliweka. Kisha akaanza kuimba kwa sauti ya chini, na watu wawili waliokuwa wakipita wakasimama, wakaitikia. Wanangu walikodoa macho tu, hawakuwa wamesikia hata wimbo mmoja wa Selena. Hilo linaniuma hadi leo. Wasikilizishe watoto wiki nzima kabla ya kwenda.

Nasi tuna wa kwetu. Bi Kidude alifariki Aprili 17, 2013, kwa hiyo nyumbani tarehe hizo mbili tumeziunganisha: usiku wa 16 ni Selena, wa 17 ni taarab. Kama Waswahili mko wengi mjini kwenu, mwandikieni meya kuomba tamko. Miji mingi ya Marekani hupokea maombi ya wakazi. Andikeni mapema, muweke wasifu mfupi na tarehe mnayoitaka. Rasimu yetu iko tayari, na binti yangu ndiye anayeitafsiri kwa Kiingereza.