Feni za kompyuta ya kujiundia: tazama njia ya hewa kabla ya kutazama taa

Anayejiundia kompyuta huumiza kichwa juu ya prosesa, akahangaikia kadi ya grafiki, akapiga hesabu za RAM, kisha feni anazichagua dakika ya mwisho, akiwa amesimama kaunta na chenji iliyobaki. Hapo ndipo anapokabidhiwa boksi la feni sita zenye taa za rangi na rimoti yake, bei nzuri, na anaondoka ameridhika. Mimi naunda mashine za watu wanaohariri video na wanaocheza gemu hapa Dar es Salaam, na ushauri wangu wa kwanza kwao ni kwamba feni zipangwe mapema, pamoja na kesi, yaani kasha la mashine, kwa sababu kwa hali yetu ya hewa ndizo zitakazoamua kama hiyo prosesa ya bei mbaya itafanya kazi kwa nguvu zake zote au itajipunguza kasi kila mchana.

Feni haileti baridi. Kazi yake ni kuondoa hewa iliyokwisha pata moto na kuingiza ya chumbani, basi. Kama chumba kina nyuzi 32, na msimu wa kaskazi chumba chenye bati juu kinafika hapo bila shida, hakuna kitu ndani ya kesi kitakachopozwa na feni kikashuka chini ya 32. Wanaopima vifaa huko Ulaya na Marekani mara nyingi hupimia kwenye chumba cha nyuzi 20 hadi 25. Kwa hiyo ukiona kwenye video kadi ya grafiki inacheza kwenye nyuzi 68, ongeza tofauti ya chumba chako na chao, utapata kama 78. Bado ni salama, ila ile nafasi ya ziada waliyonayo wenzetu sisi hatuna. Prosesa nyingi za AMD Ryzen 7000 zimewekewa kikomo cha nyuzi 95, nyingi za Intel ni 100, na zikigonga hapo zinajishusha kasi zenyewe.

Sasa ukifika dukani, geuza boksi usome nyuma. Utakuta namba kubwa ya CFM, yaani futi za ujazo za hewa kwa dakika, na wauzaji wanaipenda sana hiyo. Shida ni kwamba hupimwa feni ikiwa haina kizuizi chochote mbele yake. Ndani ya kesi feni haiishi hivyo: mbele yake kuna chujio la vumbi, kuna wavu wa chuma, pengine kuna radieta ya kupozea kwa maji yenye mapezi yaliyobanana. Namba inayosema kama hewa itapenya hapo ni ya msukumo, inayoandikwa mmH2O. Noctua NF-A12x25, feni ya Waaustria, ina CFM 60.1 na msukumo wa 2.34 ikizunguka mara 2000 kwa dakika. Arctic P12 ina CFM 56.3 na msukumo wa 2.20 kwa mizunguko 1800. Ya kwanza ni nzuri kweli kweli, imetulia na mlio wake ni laini, lakini bei yake ni mara kadhaa ya ile ya pili, na kwa mtu anayejaza kesi nzima mimi humwambia achukue Arctic, hasa zile pakiti za tano. Feni isiyoandika msukumo kabisa kwenye boksi, iache hapo ilipo.

Kuhusu ukubwa, kesi yako ikipokea milimita 140 mbele, weka 140. Eneo lake ni kubwa kuliko la 120 kwa zaidi ya theluthi moja, kwa hiyo inapitisha hewa ile ile kwa mizunguko michache. Na mizunguko ndiyo yenye kelele. Ukipunguza kasi ya feni kwa nusu, hewa inapungua nusu, lakini kelele inashuka kiasi kwamba usiku unaweza usiisikie kabisa. Ndiyo maana napenda feni nyingi zinazokwenda taratibu kuliko mbili zinazopiga kelele. Umeme usikutishe: feni moja hula wati moja mpaka tatu hivi, Luku haitaona tofauti.

Kuna jambo watu hawaliulizi kabisa, nalo ni beringi. Feni za bei ya chini kabisa huwa na beringi za bushi: mhimili unazunguka ndani ya bomba lenye mafuta kidogo. Kwenye joto yale mafuta yanakauka, na feni ikilazwa, kama zile za juu ya kesi, uzito unaegemea vibaya na bushi inalika mapema. Ndipo unaanza kusikia ule mlio wa kukwaruza kila ukiwasha asubuhi, unaotulia baada ya muda, mpaka siku hautulii tena. Za gololi huvumilia joto sana ila zina mlio wake. Ninazonunua ni zile ambazo mhimili wake unaelea kwenye utando wa mafuta uliofungiwa ndani; kwenye boksi huandikwa FDB, au jina ambalo kampuni imelibuni kwa ajili ya aina hiyo.

Plagi nayo ni ya kuangalia kwa macho mawili. Pini nne, yaani PWM, ndizo za kutafuta, maana madabodi, ule ubao mkuu unaounganisha vifaa vyote, inaiamuru feni kasi bila kuichezea volti zake 12. Pini tatu si mbaya, madabodi nyingi huziendesha kwa kupunguza volti. Ile yenye plagi kubwa ya moja kwa moja kwenye pawa saplai itazunguka kasi moja tangu unawasha mpaka unazima, na zile seti za rimoti nyingi zina plagi ya kwao isiyoingia popote isipokuwa kwenye kiboksi chao. Kikifa, umebaki na feni sita nzima zisizozunguka. Ukitaka taa, sawa, lakini plagi ya taa ni nyingine, si ile ya feni, na itofautishe: za taa zenye pini tatu ni volti 5, zenye pini nne ni volti 12. Ukilazimisha ya volti 5 kwenye soketi ya 12, taa zimekwenda. Na unapounganisha feni kadhaa kwenye soketi moja ya madabodi, jumlisha ampea zilizoandikwa kwenye vibandiko vyake, maana soketi nyingi mwisho wake ni ampea 1.

Nakuja kwenye mpangilio, na hapa ndipo ninapotumia muda mrefu kuliko kwenye feni zenyewe. Feni hutemea hewa upande ule wenye mikono inayoshika mota. Upande ulio wazi ndio unaovuta. Kwa mashine ya kawaida ninafunga tatu mbele zinavuta, moja nyuma inatoa. Makusudi hayo: hewa inayoingia ikizidi inayotoka, ndani ya kesi kunakuwa na msukumo, hewa inatafuta njia ya kutokea kwenye kila upenyo. Ukigeuza ikawa inayotoka ni nyingi, kesi inanyonya kupitia matundu ya USB, mianya ya kadi, kila kona isiyo na chujio, na vumbi linaingia nayo. Mtaa wenye barabara ya udongo utaiona tofauti hiyo ukifungua kifuniko: ukungu wa kahawia umeganda kwenye mapezi ya kipoza prosesa kama sufi. Ufukweni kuna unyevu na chumvi pia, vumbi linalonata halipulizwi likaisha, linataka brashi.

Kwa hiyo chujio si la kuachwa. Linapunguza hewa, ndiyo, na ndiyo sababu nimesisitiza msukumo. Lakini chujio la kuosha linakupa kazi ya dakika tano sinkini badala ya kufumua mashine nzima. Kesi isiyokuja nalo, kuna machujio ya sumaku yanauzwa, na nimeshaona watu wakitandaza soksi ndefu nyepesi za kike mbele ya feni na kazi ikaenda vizuri.

Feni ya juu, upande wa mbele, nyingi ninaziondoa. Inatoa hewa baridi iliyoingia sasa hivi kabla haijaifikia prosesa. Kama lazima uweke ya juu, isogeze nyuma, juu ya prosesa au karibu na ile inayotoa.

Na kabla hujailaumu feni, ichunguze kesi. Zile zenye kioo kitupu mbele na upenyo mwembamba pembeni zinaziba pumzi. Namna ya kujua ni rahisi: endesha gemu au kazi nzito mpaka joto litulie, soma namba kwenye programu kama HWiNFO, kisha ng'oa paneli ya mbele mashine ikiwa inaendelea, usubiri, usome tena. Ikishuka nyuzi tano au zaidi, feni mpya hazitakusaidia sana. Badilisha kesi uchukue yenye wavu.

Ukishafunga, usiziache feni kwenye mpangilio wa kiwandani. Madabodi nyingi huzifungamanisha feni za kesi na joto la prosesa, na prosesa hurukaruka: unafungua kivinjari tu, joto linapanda nyuzi kumi na tano, feni zinanguruma, zinatulia, zinanguruma tena. Ingia BIOS, ile menyu ya mipangilio ya madabodi inayofunguliwa mashine ikiwaka, uweke ucheleweshaji wa sekunde kadhaa kabla feni haijapanda. Kwa joto letu mimi naanzia kasi ya asilimia 40 hivi, naacha mstari unaoonyesha kasi ya feni kwa kila joto uwe tambarare mpaka nyuzi 60, kisha upande polepole. Sikiliza pia kama kuna kasi fulani ambayo feni yako inaimba, hutokea kwa feni nyingi. Ukiijua, upite mstari hapo haraka.

Wenye mashine za ofisini zilizotumika, zile Dell na HP zinazoingia kwa wingi kutoka nje, wawe waangalifu. Baadhi zina plagi ya feni isiyo ya kawaida, na ukiweka feni nyingine mashine inagoma au inakuletea onyo kila inapowaka. Piga picha ya plagi kabla hujaenda dukani.

Kama pesa inatosha feni mbili tu, moja iwe mbele chini inavuta, usawa wa kadi ya grafiki, ya pili nyuma inatoa. Mwombe muuzaji aiwashe ukiisikiliza karibu na sikio, halafu ailaze uisikilize tena.