Mkunjo wa ndewe na mishipa ya moyo

SWALI: Shikamoo daktari. Baba yangu ana miaka 61, na ndewe zake zote mbili zina mkunjo wa mshazari. Kuna ujumbe unasambaa WhatsApp kwamba hiyo ni dalili ya mishipa ya moyo kuziba. Tena mtaani kwetu yupo mtu anayetazama masikio tu, akakutajia figo, ini na tumbo. Ni kweli?

JIBU: Marahaba binti yangu. Ujumbe huo una chanzo. Mwaka 1973 daktari Mmarekani, Sanders Frank, aliandika kuhusu mkunjo huo baada ya kuuona kwa wagonjwa waliokuwa na maumivu ya kifua yatokanayo na moyo. Tafiti zilizofuata nazo ziliukuta zaidi kwa wenye mishipa iliyoziba. Kikwazo ni umri: mkunjo huja na uzee, na maradhi ya moyo vilevile. Wazee wengi wanao na mioyo yao haina shida, na wapo waliopata shambulio la moyo wakiwa na ndewe laini kabisa. Mimi nikiuona nauliza tu: presha ilipimwa lini? Sukari je? Lehemu, yaani mafuta kwenye damu? Anavuta sigara? Mpeleke mzee akapimwe. Kwa miaka 61 alistahili vipimo hivyo hata kama angekuwa na ndewe za mtoto mchanga.

Huyo wa mtaani anatumia ramani ambayo wengi huiita elimu ya kale. Kwa kweli ilichorwa miaka ya 1950 na daktari Mfaransa, Paul Nogier, aliyeona sikio limefanana na mtoto aliye tumboni, kichwa chini, akaligawia kila kiungo mahali pake. Figo hazisomeki hapo. Zinapimwa kwa damu na mkojo, na bei yake huenda ikawa ndogo kuliko anayotoza yeye.

Yapo ninayoyachukulia kwa uzito. Vinundu vigumu, vyeupe-vyeupe, kwenye ukingo wa sikio huweza kuwa jongo (gauti). Mtoto aliyekuwa akitoka usaha, kisha akavimba nyuma ya sikio hadi likasukumwa mbele, aende hospitali leo, si kesho. Sikio linalouma ilhali ndani ni zima hunifanya nitazame magego na koo. Kwa mvutaji wa sigara, maumivu ya upande mmoja yakidumu wiki kadhaa, koo lichunguzwe kwa kamera. Masikio kuvuma baada ya kwinini kwa kawaida hupita. Uziwi unaoletwa na sindano kama gentamaisini mara nyingi haurudi nyuma, kwa hiyo mgonjwa akianza kusikia mlio aseme mapema.

Sikio moja likizima ghafla, usikae ukidhani ni nta. Dawa hufaa zaidi siku chache za mwanzo. Nimeona watu wakizimaliza siku hizo wakijidondoshea mafuta ya nazi.