Nilikipigania kifuko cha nyongo miezi minane

Jumapili nikitoka kanisani nilipata ujumbe wa msomaji mmoja wa Kakamega: "Dada, daktari anataka kunitoa kifuko cha nyongo chote. Jirani anasema mawe yaliyomo huyeyushwa na kifuko kikabaki. Wewe ulifanyaje?" Nimeandika jibu mara mbili nikalifuta, maana swali hili lilinigharimu.

Langu lilianza hapa Kisumu, usiku baada ya kula mbuta wa kukaanga. Maumivu yalinishika chini ya mbavu za kulia yakapanda hadi begani. Nikadhani ni vidonda vya tumbo. Yaliporudi mara ya tatu nilikwenda kupigwa picha ya ultrasaundi. Mhudumu akanionyesha kwenye skrini: vijiwe vinne vinang'aa, kila kimoja na kivuli cheusi nyuma yake. Aliponiambia nigeuke ubavu, vikabingirika.

Daktari alisema kitolewe. Nikakataa. Kwetu mbuzi akichinjwa, babu alishika kisu mwenyewe pale kwenye nyongo, isipasuke ikaharibu nyama. Nikajiambia Mungu hakuweka kitu kile bure.

Nikamtafuta daktari wa pili, akaniandikia vidonge vya asidi ya ursodeoksikoli. Alinieleza wazi kwamba vinasaidia mawe madogo ya kolesteroli tu, kwa miezi mingi hata miaka miwili, na kwamba karibu nusu ya wanaopona hupata mawe tena ndani ya miaka 5. Mimi nilisikia neno moja tu, yanayeyuka.

Kisha mtu akaniuzia mafuta ya zeituni na ndimu ninywe usiku. Asubuhi nikaona vibonge vya kijani chooni, nikadhani ndiyo mawe, nikampigia dada yangu simu nikilia kwa furaha. Kumbe ni mafuta yenyewe yaliyogandamana tumboni kama sabuni. Picha ya pili ilionyesha mawe yangu yote manne. Muuzaji yule hapokei simu zangu hadi leo, na bado inaniuma.

Ilipotimu miezi minane macho yakawa manjano, mkojo kama chai ya rangi. Jiwe moja lilikuwa limeteremka likaziba mrija wa nyongo. Nilipelekwa Eldoret, likatolewa kwa mpira uliopitishwa mdomoni, halafu kifuko chenyewe kikatolewa kwa matundu manne madogo. Siku ya pili nilikuwa nyumbani. Nililopigana nalo miezi minane lilikwisha kwa siku mbili!

Jamani, nyongo hutengenezwa na ini. Kile kifuko ni ghala tu. Kikiondoka, nyongo inateremka moja kwa moja kwenye utumbo. Mimi niliharisha wiki kadhaa kila nilipokula mafuta mengi, kisha ikaisha. Mwaka 1867 daktari Bobbs wa Marekani alitoa mawe akaacha kifuko, na China wako wanaofanya hivyo hata sasa. Lakini Langenbuch, daktari Mjerumani aliyekitoa kwa mara ya kwanza Berlin mwaka 1882, alishikilia kwamba kifuko hakitolewi kwa kuwa kina mawe, hutolewa kwa kuwa ndicho kinachoyatengeneza. Ningeelewa hilo mapema, nisingefika Eldoret na macho ya manjano.

Sisemi kila mtu akimbilie kisu. Mawe yaliyoonekana kwa bahati na hayajawahi kukuuma, mara nyingi daktari atakwambia uyaache. Na wenye selimundu, ambao ni wengi huku kwetu ziwani, mawe yao hutokana na chembe nyekundu za damu zinazovunjika, si kolesteroli, hivyo vidonge vile haviwafai. Ila yakishaanza kuuma, acheni kubembeleza. Acheni kununua chupa za barabarani. Msikilizeni daktari hata anaposema msichotaka.

Wewe dada wa Kakamega, muulize daktari wako mawe ni mangapi, makubwa kiasi gani, na kama mrija uko wazi. Ukipata homa, au macho yakigeuka manjano, usingoje kupambazuke. Na ubebe picha zako zote unapokwenda. Zangu za kwanza nilizichana kwa hasira, na daktari wa Eldoret alizitafuta.