Protini haina umbo, maji yanaifanyia nini?

Umeuliza kama protini haina umbo maalum maji yanahusikaje, aisee yanahusika sana tu. Chukua protini za LEA (kifupi cha Kiingereza cha protini zinazojaa mbegu inapokaribia kukomaa), ziligunduliwa kwenye pamba huko Marekani 1981, mbegu ikiwa bado mbichi zinaelea tu kama uzi uliofumuka, maana molekuli za maji zinaushika ule mnyororo wa amino asidi unaounda protini kila upande kwa bondi za haidrojeni (mivutano midogo kati ya molekuli) kwahiyo hauna haja ya kujishika wenyewe. Sasa mbegu ikikauka maji yanasepa, mnyororo unakosa wa kuushika unaanza kujishika wenyewe, unajisokota kama springi ya peni, ndo heliksi hiyo. Loweka maharage usiku kucha uone, yakishanywa maji springi zinafumuka tena.