Ukiwa mpweke, isome Girls' Last Tour polepole, na ikiwezekana usiisome peke yako

Watu wakihamia mji mgeni au wakifiwa huwa wananiuliza wasome nini, na siku hizi jibu langu ni moja tu, manga (hadithi ya katuni ya Kijapani) ya Girls' Last Tour ya mchoraji Tsukumizu. Sio ndefu, juzuu 6 basi, ilitoka Japani kuanzia 2014 mpaka 2018, na 2019 ikachukua tuzo ya Seiun upande wa komiki, ambayo kule kwao ni tuzo yenye heshima kubwa kwenye hadithi za kisayansi. Ila kuna namna ya kuisoma, maana ukiibugia usiku mmoja ukiwa umejifungia chumbani inaweza kukuacha pabaya zaidi ya ilivyokukuta.

Kifupi, dunia imeshaisha. Vita vilipita zamani, watu karibu wote hawapo, limebaki jiji lililojengwa tabaka juu ya tabaka, limejaa vyuma na theluji, na humo ndani kuna wasichana wawili, Chito na Yuuri, wanapanda kwenda tabaka la juu kabisa na kigari cha jeshi la Ujerumani la zamani kinaitwa Kettenkrad, mbele pikipiki nyuma minyororo kama ya kifaru. Kila siku ni kutafuta mafuta na chakula. Chito anapenda vitabu na anaandika daiari, Yuuri hata kusoma kwenyewe kwa shida na kwake yeye kumbukumbu ni kitu cha kukusumbua tu ukiwa unajaribu kuishi. Manga nzima ni hawa wawili wanabishana hapo, bila hata kujua kama wanabishana.

Sasa ushauri wangu wa kwanza, sura moja kwa usiku inatosha. Kuna kurasa hazina neno hata moja, ni jengo tu na wale wasichana wawili wadogo kabisa chini yake, na mtu mwenye haraka anazipita kama tangazo wakati ndo zenye uzito wenyewe. Mapema tu kuna sura Yuuri anatupa kitabu cha Chito kwenye moto, kitabu ambacho hakipatikani tena popote duniani, Chito anakasirika hasemi naye, baadae anafungua daiari anakuta Yuuri kaandika kuomba msamaha na herufi kakosea. Mimi hapo nilisimama kabisa nikaweka simu chini, kwa sababu kitabu kimepotea kweli na hakirudi, ila sasa daiari ina mwandiko wa mtu mwingine ndani yake.

Alafu kuna Kanazawa, jamaa anayechora ramani ya jiji. Ramani zake zote zinaanguka shimoni na anataka kuzifuata huko huko, yaani maisha yake yote yalikuwa yale makaratasi. Hafi, na wakiachana anawaachia kamera yake. Mbele kabisa, juzuu ya 4, wanakuja kuiunganisha ile kamera na mashine ndani ya nyambizi ya zamani na zinatokea picha na video za watu waliokuwa nayo kabla yao, wanafunzi, familia, watu wanacheka, na wale wawili wamekaa gizani wanaangalia maisha ya watu ambao hawakuwahi kuwajua. Kwa siku hiyo upweke wao unapungua. Ukifika hapo usiendelee na sura nyingine, nakuomba, kaa nayo.

Mimi nilikuwa na voisi noti za bibi yangu kwenye WhatsApp, alishafariki, nikawa nazisikiliza usiku nikiwa peke yangu mji ambao sijazoea, ile anakohoa kwanza ndo anauliza "umekula mjukuu wangu?" na kila nikizisikiliza naumia zaidi. Baada ya ile sura ya kamera nikazituma kwa binamu zangu. Mmoja akajibu na yake ambayo sijawahi kuisikia, bibi anamgombeza kuhusu mbuzi, tukaongea mpaka usiku mkubwa. Sauti ni ile ile ila haikunitafuna tena. Kwa hiyo kama una picha au sauti za mtu wako umezifungia kwenye simu, mtafute mwingine aliyempenda mzisikilize pamoja, hata kwa simu tu. Hii naisema kwa moyo wote.

Juzuu ya 6 isome mchana. Naspoili kidogo hapa, vitu vinawaisha kimoja kimoja, kigari, chakula, hata zile daiari zinaishia kuwashiwa moto wapate joto, na ukiwa unaisoma katikati ya msiba wa wiki hii utabeba mzigo mara mbili. Na kama upweke wako umefika mahali huli hulali, acha manga kwanza, mpigie mtu aje mkae.

Anime yake, yaani katuni ya video, ipo pia, ya 2017, sehemu 12, nzuri sana na muziki wake unatuliza, ila inaishia kwenye nyambizi, safari ya mwisho haimo. Kwa hiyo someni mpaka juzuu ya 4, angalieni anime, alafu ndo mmalizie zile mbili zilizobaki. Na kurasa zinaanzia kulia kwenda kushoto, mwambie na huyo unayesoma naye kabla hajaanza.