Kabla hujaongeza mbolea, hesabu saa za giza

Kwa miaka miwili poinsetia yangu, mmea wa chungu ambao majani yake ya juu hugeuka mekundu unapochanua, ilikuwa kijani kitupu. Nilipewa ikiwa imewaka nyekundu, ikapukutika, ikachipua upya na kunawiri, lakini wekundu haukurudi. Nikaongeza mbolea, ikazidi kunenepa majani. Nikabadilisha udongo, nikabadilisha chungu, nikaipogoa. Kitu pekee ambacho sikukigusa ni taa ya mezani iliyokuwa hatua mbili tu kutoka dirishani pale ilipokaa, taa ninayoiwasha kila jioni hadi ninapokwenda kulala. Kumbe taa hiyo ndiyo iliyokuwa ikiizuia.

Naulizwa mara kwa mara: mmea wangu umestawi vizuri lakini hautoi maua, niupe nini? Siku hizi najibu kwamba huenda usiupe chochote. Mmea wenye afya usiochanua mara nyingi hauna njaa, unasubiri ishara. Kazi yako ni kujua unasubiri ishara ipi.

Waliofungua mlango huu ni watafiti wawili wa Marekani, Garner na Allard. Walikuwa na aina ya tumbaku iliyorefuka kiangazi kizima bila kuchanua, kisha ikachanua majira ya baridi ndani ya banda la vioo. Walikuwa pia na soya ambayo, hata ukiipanda kwa awamu zilizopishana kwa wiki kadhaa, yote ilichanua karibu wakati mmoja. Wakaanza kuiingiza mimea gizani mapema alasiri ili kuufupisha mchana, na tumbaku ile ikachanua katikati ya kiangazi. Matokeo waliyachapisha mwaka 1920. Mmea ulikuwa unapima urefu wa siku.

Au tuseme usiku, na hapa ndipo wengi tunapokosea. Mwaka 1938 watafiti Hamner na Bonner walionyesha kwamba mmea wa siku fupi, yaani unaochanua siku zinapofupika kama poinsetia, unahitaji giza refu lisilokatizwa. Ukiukatizia usiku huo kwa mwanga wa dakika chache tu, hauchanui, hata kama mchana wake ulikuwa mfupi. Wakulima wa maua ya krisanthemamu wanaitumia siri hii kwa makusudi: huwasha taa usiku wa manane ili mimea isichanue kabla ya wakati wanaoutaka. Mimi nilikuwa nikifanya hivyo hivyo bila kujua.

Jicho la mmea ni protini iliyo ndani ya majani iitwayo faitokromu. Mwanga mwekundu huigeuza iwe katika hali inayosema "kuna mwanga". Gizani hurudi polepole katika hali yake ya kwanza. Taa za nyumbani zina mwekundu wa kutosha kuigeuza tena. Jani likisharidhika kwamba usiku umetimia, hutengeneza protini nyingine inayosafiri katika mirija ile ile ya kupitishia sukari hadi kwenye ncha ya chipukizi, na huko ncha huacha kutengeneza majani na kuanza kutengeneza ua. Chailakhyan, mtafiti wa Urusi, aliuita ujumbe huo florijeni katika miaka ya 1930 bila kuwahi kuuona, na ulikuja kutambuliwa wazi mwaka 2007. Kila nikilisoma hili nashangaa upya: jani ndilo linaloona, ncha ndiyo inayotii.

Basi nikatafuta boksi kubwa la karatasi ngumu. Kila siku saa 12 jioni nililifunika juu ya chungu, na saa 2 asubuhi nikalifunua: saa 14 za giza, kisha mchana wenye jua la kutosha. Kabla ya kuanza niliingiza kichwa ndani ya boksi mchana na kukuta vitundu vya mwanga kwenye mikunjo. Nikaviziba kwa selotepu nyeusi. Usiidharau hatua hii. Takribani wiki ya sita majani machanga ya juu kabisa yalitoka na mishipa myekundu, kama mtu aliyeichora kwa kalamu. Wiki ya nane yalikuwa mekundu yote. (Hayo mekundu ni majani, si maua. Maua yenyewe ni vile vijipele vya manjano katikati.) Ukianza, usiruke usiku hata mmoja.

Lakini usiende kufunika kila mmea ulio nao. Spinachi ni kinyume chake: siku zikirefuka huacha majani na kurusha shina la maua, kwa hiyo ukitaka majani, panda wakati siku ni fupi. Nyanya nyingi hazijali urefu wa siku kabisa. Zikifikia umri huchanua, na zikigoma, tazama kwanza kama umezilisha naitrojeni kupita kiasi. Karoti na kabichi zinahitaji wiki kadhaa za baridi kabla ya kuchanua, ndiyo maana anayetaka mbegu zake mahali penye joto mwaka mzima husubiri bure. Bogenvilia yangu ilikuwa ikitoa majani tu hadi nilipopunguza kumwagilia. Udongo ulipokauka kwa siku kadhaa, ikajaa rangi. Kahawa nayo hulaza matumba yake wakati wa ukame, na mvua nzuri ikinyesha huchanua baada ya siku kama kumi.

Halafu kuna umri. Mwembe uliotokana na kokwa unaweza kukaa miaka mitano, sita, hata zaidi bila ua, na hakuna dawa ya kuuharakisha utoto huo. Uliobebeshwa kikonyo, yaani kijitawi kilichounganishwa kwenye mche, kutoka mti unaozaa huwahi zaidi, kwa sababu kikonyo kimekuja na utu uzima wake. Nimeona watu wakikata miembe ya mbegu yenye miaka minne wakidhani ni tasa, na inaniuma.

Kwa hiyo mmea ukikugomea, kaa karibu nao usiku mmoja, uzime taa zako, uangalie mwanga unaoufikia unatoka wapi: taa ya nje, ya jirani, ya barabarani. Taa yangu ya mezani nimeihamishia ukuta wa pili. Msimu uliofuata, usiku uliporefuka wenyewe, poinsetia iligeuka nyekundu pale pale dirishani, bila boksi.