Mfamasia Aanzie Wapi Kusoma Faili la Mgonjwa?

SWALI: Duka letu la dawa limeunganishwa na mfumo wa kielektroniki wa hospitali, na mgonjwa akiridhia tunaliona faili lake. Shida ni wingi wa kurasa, na foleni haingoji. Tuangalie nini kwanza?

JIBU: Angalieni ugonjwa ulioandikiwa dawa, kwani cheti chenyewe mara nyingi hakisemi. Amitriptilini ya miligramu 10 au 25 usiku huandikwa sana kwa maumivu ya neva. Mkimweleza mgonjwa huyo kuwa ni dawa ya sonona, anaweza asiimeze hata kidonge kimoja. Methotreksati ni hatari zaidi: kwa baridi yabisi hutumika mara moja kwa wiki. Faili likitaja baridi yabisi na cheti kikasema kila siku, msitoe. Mpigieni daktari kwanza. Kosa hilo limekwisha kuua watu.

Kisha figo. Tafuteni kiwango cha uchujaji pamoja na tarehe yake. Metfomini, dawa ya kisukari, haitolewi uchujaji ukishuka chini ya mililita 30 kwa dakika. Kati ya 30 na 44, dozi ya siku kwa kawaida haizidi miligramu 1,000. Majibu ya miezi minane iliyopita hayasaidii kitu kwa mzee anayeharisha tangu juzi. Mkikokotoa wenyewe kutokana na kreatinini (taka ya misuli inayopimwa kwenye damu), hakikisheni kizio: miligramu 1 kwa desilita ni mikromoli 88.4 kwa lita, na maabara hazitumii kizio kimoja.

Hapa ndipo faili linapolipa hata kwa mteja aliyekuja bila cheti, anayetaka ibuprofeni ya mgongo tu. Ikiwa tayari anatumia enalaprili (dawa ya shinikizo la damu) na dawa ya kukojosha, mwepusheni nayo. Dawa ya kukojosha hupunguza maji mwilini, ibuprofeni hubana mshipa unaoingiza damu kwenye chujio la figo, enalaprili hulegeza ule unaoitoa. Shinikizo ndani ya chujio huanguka, na figo zinaweza kufeli ghafla. Parasetamoli kwa kawaida ni salama zaidi kwake.

Neno “mzio” lisiwatoshe. Ulizeni kilitokea nini, na baada ya muda gani tangu ameze. Tumbo kuchafuka baada ya amoksilini kwa kawaida si mzio. Midomo kuvimba na pumzi kubana ndani ya saa moja ni mzio, tena mkali.

Orodha ya dawa ndiyo sehemu ya kuaminiwa kidogo kuliko zote. Daktari husitisha dawa kwa mdomo, kwenye mfumo ikabaki. Dawa moja huingizwa mara mbili, kwa jina la kiwandani na kwa jina lake halisi. Dawa za mitishamba na zile za kununua bila cheti hazimo. Mwambieni mgonjwa alete pakiti zote, mzilinganishe na orodha, kisha tofauti mziandike kwenye mfumo daktari azione. Kama mfumo wenu unaruhusu kusoma tu, dai nafasi ya kuandika. Bila hiyo, orodha mbovu itabaki mbovu.

SWALI: Nikiridhia, duka zima litajua magonjwa yangu?

JIBU: Halipaswi. Kabla ya kutia sahihi uliza kurasa zipi zitaonekana, nani atazifungua, kama kila anayefungua anabaki kwenye kumbukumbu, na ridhaa inafutwaje. Ukiona neno la siri limebandikwa kwenye kaunta ili wahudumu wote walitumie, kataa: kumbukumbu hiyo haitakuambia ni nani aliyesoma.

Ila kuficha nako kuna gharama. Ukificha kwamba unatumia dawa za virusi vya UKIMWI zenye ritonaviri, mfamasia hana njia ya kujua kwamba simvastatini, dawa ya kolesteroli uliyoandikiwa kwingine, haichanganywi nazo kabisa, kwa kuwa huweza kuharibu misuli vibaya. Kama ukurasa huo umeufunga, mwite pembeni umwambie mwenyewe.